Mende Walikula Namba, Mimi Nikajaza

Hapana, usiniambie eti nilikuwa nasaidia tu! Rafiki yangu Akinyi ananiambia hivyo kila tukienda kuteka maji: "Si ulikuwa unasaidia mzee wako? Makosa ni makosa." Kusaidia gani? Mimi nilidanganya. Halafu nikanyamaza. Akinyi hajui hiyo ya pili, na ndiyo inanimaliza.

Baba yangu ni fundi wa redio hapa Migori. Jicho lake moja lilifunikwa na utando zamani, na hilo lingine haliwezi kusoma maandishi madogo. Tangu nimalize sekondari nikakosa kazi, mimi ndiye namsomea. Yeye anashika, mimi nasoma.

Siku hiyo tulikuwa na radiogramu, redio na santuri pamoja, kubwa kama kabati. Iliachwa na mzungu mmoja wa machimbo ya Masara, ikanunuliwa na mwenye hoteli wa Homa Bay. Ilikuwa inavuma mpaka husikii mtu akiimba. Baba akaisikiliza kidogo tu, akasema, "Kondensa kubwa imekufa." Kondensa ndiyo hutuliza umeme ndani ya redio. Hiyo ya zamani ilikuwa imeandikwa wazi, volti mia nne hamsini.

Mpya utapata wapi huku? Tulikuwa na mkebe umejaa kondensa za redio zilizokufa. Baba akaniambia, "Nyara, binti yangu, nitafutie yenye nguvu kama hii."

Mwenye hoteli alikuwa amekaa kwa benchi anatusumbua. "Mzee, fanya haraka! Wateja wangu wamechoka kusikiliza mimi nikikohoa!" Basi ya Homa Bay ilikuwa inapakia. Na mimi pia nilitaka hiyo basi! Kuna ofisi huko ilikuwa inatafuta karani, na nilikuwa nimeshavaa viatu.

Nikapata moja. Namba ya kwanza, ya kiasi cha umeme inachoweka, ilikuwa sawa kabisa. Ile ya volti, mende walikuwa wamekula karatasi. Imebaki hamsini tu, na mbele yake shimo.

Nikasema, "Mia nne hamsini."

Baba akaigeuza-geuza kwa vidole. "Mbona ni kadogo hivi?"

"Za siku hizi ni ndogo, Baba."

"Nyara, angalia tena."

"Baba, si mimi nimesoma? Niko shua!"

Mwenye hoteli akacheka sana. "Mzee, huyu mwalimu wako utabishana naye nikishaenda!" Baba naye akacheka. Akaichomelea.

Umeme tunavuta kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Ilipowaka, Baba akainama karibu kabisa vile hufanya, asikie kama mvumo umeisha. Ulikuwa umeisha. Akatabasamu. Hapo kondensa ikapasuka kama bunduki, na uji wake wa moto ukaingia kwa hilo jicho zuri.

Uwi! Vile alipapasa meza akitafuta mkono wangu!

Hospitali walilifunga, wakasema tungoje, hawajui kama litaona. Lakini kuna kitu kinanikosesha usingizi kuliko jicho. Pale pale, machozi yakimtoka, Baba alisema, "Nimeiweka kinyume. Mkono wangu umezeeka." Kondensa ya volti ndogo hupasuka ikipewa nyingi, lakini hata iliyo sawa ukiigeuza pande hupasuka, kwa hivyo anaamini ni yeye. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo, mdomo ninao. Sikusema kitu!

Hii ni wiki ya tatu. Kila mgeni akija, Baba anamwambia ni mkono wake mwenyewe ulikosea. Watu wamekuja wakabeba redio zao, wengine hata salamu hawakusema. Asubuhi Mama anampatia chai, naye Baba anashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto. Juzi nilimsikia akiongea na vidole vyake. Ndiyo, vidole! "Nyinyi mmeniaibisha." Nikatoka nje nikauma kanga yangu.

Jana akaniita. "Nyara, aol." Amechoka, hataki tena. Leo ndugu yake, baba mdogo, amefika kutoka Takawiri. Kesho wanafunga duka, vyombo vigawiwe mafundi wengine. Yawa! Mtu anayeweza kufungua redio gizani akairudisha bila kupoteza hata skrubu moja! Hivyo vidole vilijua ile kondensa si sawa. Vilisema. Ni mimi nilivinyamazisha.

Wewe unayesoma hii, kama karatasi imeliwa, sema imeliwa! Kama hujaona, sema hujaona, na basi iende bila wewe. Ukikosea, sema hapo hapo. Nilifikiri nitasema kesho yake ikiwa rahisi. Haikuwa rahisi! Siku ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Lakini nimeamua. Kesho asubuhi, kabla hawajagusa mlango wa duka, nitasimama mbele yake, Mama akiwa hapo, baba mdogo akiwa hapo, na sitanong'ona. Nitamwambia mkono wake haukukosea popote. Nitamwambia nilisoma hamsini nikasema mia nne hamsini. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Lakini ajue kwanza.