Kichwa cha Vidole

Wateja walimwita Vidole kwa sababu hakuna msusi mtaani aliyesuka haraka kama yeye. Ukikaa kwenye kiti chake asubuhi, mchana umeshanyanyuka na kichwa kipya na umbea wa kukutosha wiki nzima. Ila mwenyewe hakuvua kilemba. Miaka ya kusuka kwa kubana na kubandika nywele bandia kwa gundi ilikuwa imemnyonyoa kuanzia kwenye paji hadi nyuma ya masikio.

"Mke wangu, wewe muuza viatu unayetembea peku," mumewe, fundi wa friji, alimtania. Vidole alicheka naye, kisha akaingia bafuni kulia.

Ndipo akasikia habari za mwanamke aliyefungua chumba cha urembo juu ya duka la vipodozi. Alivaa koti jeupe, watu wakamwita Daktari, na hakuna aliyeuliza alisomea wapi. Vidole alipopanda kwake, alimvuta damu mkononi, akaitia kwenye kichupa, na mashine ikaizungusha mpaka ikajitenga, nyekundu chini, maji ya manjano juu.

"Haya ya manjano ndiyo yanayoamsha nywele," alisema. "Nakurudishia kilicho chako, dada. Kitakudhuru vipi?"

Akamchoma kichwani, sindano juu ya sindano, huku Vidole ameuma kitambaa. Kando ya sinki kulikuwa na vichupa vilivyooshwa, vimepangwa juu ya taulo vikauke. Vidole alivitazama akajisemea, huyu mama ni msafi.

Baada ya kurudi mara kadhaa, vinywele vikaanza kuchomoza, laini kama vya mtoto mchanga. Siku aliyovua kilemba saluni, wanawake walipiga vigelegele. Kila aliyeuliza siri, alimwelekeza kule juu.

Kisha mdogo wake akapasuliwa wakati wa kujifungua, akapoteza damu nyingi. Ndugu wakaitwa kuchangia, na Vidole akawa wa kwanza kukunja mkono wa blauzi. Mtaalamu wa maabara alimwita pembeni, akafunga mlango.

"Damu yako hatuwezi kuichukua, mama. Tumepima tukarudia. Una virusi vya UKIMWI."

Mdogo wake alipona kwa damu ya watu wengine. Fundi friji naye akapimwa, akakutwa hana kitu.

"Niambie ni nani," alimwambia mkewe.

"Nani nini, baba?"

"Usinifanye mjinga."

Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alichukua begi la vifaa vyake na mashati mawili, akahamia kwa kaka yake.

Muuguzi aliyemwanzishia dawa ndiye aliyemuuliza kama amewahi kuchomwa sindano popote nje ya hospitali. Vidole alifungua mdomo kusema hapana, akakumbuka vile vichupa juu ya taulo, vilivyooshwa ili vitiwe damu ya mwingine. Akamsimulia yote.

Muuguzi alipiga simu polisi. Walipofika, chumba kilikuwa kitupu, hata bango limeng'olewa. Vidole angeweza kwenda moja kwa moja kujisafisha kwa mumewe. Badala yake alikwenda kwanza kwa wanawake aliowaelekeza. Mmoja alimfukuza kabla hajamaliza sentensi. Mwingine, keshia wa duka la nguo, alikuwa na mimba changa.

"Nenda kapime, mdogo wangu. Nitakusindikiza."

"Kumbe ulikuwa unatupeleka machinjioni?"

"Sikujua. Nilichomwa pale pale."

Keshia alimfungia mlango. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe saluni, macho yamevimba, wakaenda pamoja kupima. Alikutwa na virusi. Muuguzi akamwambia akianza dawa sasa, mtoto anaweza kuzaliwa salama.

Fundi friji alirudi baada ya kuelezwa na muuguzi. Aliomba msamaha amesimama mlangoni, na Vidole akampisha apite. Siku hizi wanasemezana kwa adabu, kama wapangaji. Saluni imefungwa. Habari zilisambaa, na hakuna tena aliyetaka kuguswa na kitana chake.

Vidole humwona keshia kwenye foleni ya dawa. Kwa miezi mingi keshia alikaa benchi la mbali na hakuitikia salamu. Asubuhi moja alipita karibu yake, mtoto mgongoni.

"Wamempima," alisema bila kumtazama. "Hana."

Vidole alinyoosha mkono amshike, lakini keshia alikuwa ameshasogea mbele.