Kaseti ya Kavutha na Jibu la Bartholomew

Siku Jamal alipomwona Kavutha kwa mara ya kwanza, Kavutha alikuwa anampiga mwanamume. Mwanamume mwenyewe alikuwa mpiga ngoma wake, mtu mzima mwenye mvi, na kosa lake ni kuharibu mdundo mara ya tatu. Kavutha alimnyang'anya kijiti, akamtwanga nacho begani, akamrudishia. "Sasa piga," akasema. Yule mzee akapiga, na safari hiyo hakukosea.

Ilikuwa mwaka wa 1997, kwenye kilima kimoja cha Kathiani. Jamal alikuwa muuza kaseti mjini Machakos. Watu wake walikuwa Waislamu wa mjini waliouza vitambaa tangu enzi za babu, lakini duka lake alilianzisha mwenyewe, kwa redio moja ya kurekodia aliyoinunua ikiwa imevunjika mkono. Walimu huigawa fasihi kwa tanzu zake. Jamal aliigawa kwa kile kinachotoka dukani. Nyimbo za arusi zilitoka Desemba. Nyimbo za kulima hazikutoka kabisa, kwa maana anayelima hana betri. Ngano aliziweka upande wa pili wa kaseti ili akina mama wawanunulie watoto. Vitendawili alijaribu mara moja akakoma, maana mnunuzi akishalijua jibu, bidhaa ameimaliza.

Kavutha alikuwa ngui, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma kwa Wakamba, na watu walimwogopa kuliko chifu. Chifu akikukasirikia utamkwepa njiani. Ngui akikutaja kwa ubaya ngomani, kijiji kizima kinalicheza jina lako.

"Utanipa nini, Mswahili?" alimuuliza Jamal siku hiyo.

"Jina lako juu ya kaseti, mama. Na sukari kila mwisho wa mwezi."

"Sukari nitanunua. Mimi nataka usikate neno langu hata moja."

"Lakini upande mmoja ni dakika thelathini, mama. Wimbo ukizidi?"

"Ukizidi, ongeza kaseti. Wewe si ndio unauza kaseti?"

Wanawake wakacheka. Jamal aliona hapo hapapunguziki, akakubali. Mwaka mzima walifanya biashara bila kelele.

Kisha Mulwa akauawa.

Mulwa alikuwa kaka yake Kavutha. Shamba lake lilipakana na mto, na malori ya Bartholomew, mfanyabiashara wa mchanga, yalichimba ukingo mpaka mahindi ya Mulwa yakaanza kuangukia majini, mstari baada ya mstari. Asubuhi moja Mulwa alisimama mbele ya lori na panga mkononi. Kufikia saa sita alikuwa amelala chini ya rundo la mchanga. Wapakiaji wote walisema ukingo ulimwangukia. Mjane wake, Mutindi, aliiona shingo ya mumewe imekatwa upande wa kushoto alipokuwa akimvisha suti ya kuzikiwa, akaenda kusema kituoni. Akaambiwa mawe pia hukata, arudi nyumbani alee watoto.

Baada ya matanga Kavutha alimwita Jamal aje na redio. Wimbo ulipoanza, Jamal alisikiliza beti mbili akabonyeza kitufe cha kuzima.

"Mama, hapa umekosea. Unasema Bartholomew alijificha ndani ya lori akitetemeka, vijana wake wakampigania. Kila mtu anajua ni yeye mwenyewe alimuua."

"Wewe ulikuwa huko?"

"Nasikia watu."

"Basi mimi natunga, wewe unauza."

"Hata kama, toa jina. Tuifanye ngano. Weka fisi mahali pake. Fisi hatakuja kukupiga."

"Ngano ni ya kuficha mtu," Kavutha alisema. "Mimi nimeficha nani? Washa redio yako."

Siku ya soko kule Tala kaseti zilikwisha kabla ya adhuhuri. Wiki ya pili Jamal alibeba mara tatu ya zile za kwanza, zikakwisha pia. Watoto walikuwa wanayakimbilia malori ya mchanga wakiimba kiitikio: shuka garini, Bartholomew, shuka, wanaume wako chini. Madereva walirusha mawe. Watoto waliokota mawe yale yale wakayarudisha.

Bartholomew alijibu kwanza kwa namna anayoijua. Wanaume watatu walimkuta Kavutha akichota maji. Mmoja alimshika mikono kwa nyuma, wa pili akamshika nywele, wa tatu akampiga mtaimbo wa lori mdomoni, mara moja kwa kila upande. Taya lilivunjika mahali pawili. Meno saba yalibaki kwenye matope pale kisimani, na wenye kuchota maji walipofika walimkuta anayatafuta kwa vidole.

Jamal alikwenda hospitalini na maziwa. Alimkuta mdomo umefungwa kwa waya, uso mweusi umevimba kama kibuyu. Alisema kupitia mwanya uliobaki, na Jamal ilibidi ainame.

"Bartholomew atakuja kwako."

"Kufanya nini?"

"Kujibu. Huyo alikuwa mchezaji ngoma akiwa kijana, namjua. Ukimwita muuaji, atanyamaza. Ukimwita mwoga, hawezi. Atajigamba. Na majigambo hayana fisi, Jamali. Yana 'mimi nilifanya'."

Hapo ndipo Jamal alipoelewa kwa nini wimbo ulidanganya.

"Akinivunja na mimi?"

"Utavunjika."

"Na faida yangu?"

"Nipatie sauti yake. Nitakupa nyimbo zangu zote, arobaini na moja. Hata zile za mama yangu."

Jamal alifikiri muda wa kumaliza chai. Nyimbo arobaini na moja ni mtaji wa miaka kumi. Wakapatana.

Bartholomew aliingia dukani siku ya tisa, na vijana wawili. Hakusalimu. Vijana walianza na rafu, wakazimwaga kaseti sakafuni na kuzikanyaga kwa buti. Kisha mmoja akavishika vidole viwili vya Jamal, akaviweka kwenye ukingo wa mlango wa kabati, na kuufunga mlango kwa teke.

"Wimbo wa huyo malaya unaisha leo," Bartholomew alisema.

Jamal alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka, lakini akili ya biashara haikuwa imekwenda popote. "Mzee, hapa umevunja mia mbili. Huko nje ziko elfu. Utaingia nyumba ngapi?"

"Zote."

"Sawa. Na watoto? Wao hawana kaseti, wako na mdomo tu. Watu hawasemi uliua. Wanasema ulilia ndani ya gari. Wanasema Bartholomew mwana wa Nzau, yule alikuwa anaruka ngoma mpaka vumbi inasimama, siku hizi anapiganiwa na watoto. Mwanamume akiimbwa si anajibu? Redio ndio hiyo."

Kijana mmoja alicheka, akajutia. Bartholomew alimpiga kofi likamwangusha juu ya kaseti. Halafu akavua koti.

Jamal alibonyeza kitufe kwa mkono mzima. Bartholomew alisimama katikati ya duka, akapiga mguu chini mara nne kutafuta mdundo, na sauti ikatoka nzuri, ya mtu aliyezaliwa nayo:

"Mimi Bartholomew, mwana wa Nzau, sikukaa garini, nilishuka! Mulwa alikuwa na panga, mimi nina sepetu. Nilimtazama machoni, hakunitazama mara mbili. Shingo yake ya kushoto niliifungua kama mfuko wa simiti! Nani alilia? Ulizeni mchanga!"

Alimaliza anatoka jasho, ameridhika kabisa. "Cheza hiyo Tala," akasema. "Kwa spika kubwa. Nitakuja kusikiliza."

Na kweli alikuja. Alisimama mbele ya spika mikono kiunoni, vijana wake nyuma. Watu walipotambua sauti, walicheka kidogo, kisha wakasogea karibu. Iliposemwa shingo ya kushoto, Mutindi aliinuka katikati ya magunia yake ya maharagwe.

"Kushoto!" alipiga kelele. "Mimi ndio nilimvisha! Nilisema kushoto, wakaniambia ni mawe!"

Aliyerusha kwanza hakujulikana. Jiwe la mizani la kilo moja lilimpata Bartholomew jichoni, akaanguka juu ya nyanya, na soko zima likamwangukia. Walimpiga kwa viatu, kwa vigingi vya vibanda, kwa kufuli. Lori lake lilichomwa likiwa na mchanga ndani. Askari walipomtoa, wakifyatua risasi hewani, alikuwa na jicho moja na mkono uliogeukia nyuma.

Mahakamani wakili wake alitoa hoja ya kisomi. Alisema majigambo ni utanzu wa fasihi simulizi, tena kutia chumvi ndio uti wa mgongo wake, na mtu hafungwi kwa sanaa. Akamleta mwalimu wa Kiswahili athibitishe, naye akathibitisha. Jaji alisikiliza kwa adabu, kisha akaagiza kaburi la Mulwa lifukuliwe. Mfupa wa shingo ulikuwa umekatwa, upande wa kushoto, kwa chuma bapa.

Bartholomew alihukumiwa kunyongwa, baadaye ikawa kifungo cha maisha. Mchanga haukumngoja. Mwezi haukuisha kabla ya malori ya mtu mwingine kushuka mtoni pale pale, na shamba la Mulwa sasa limebaki robo.

Duka la Jamal lilichomwa na wale vijana kabla ya hukumu. Vidole viwili havikunjiki tena. Alianza upya na kibanda kule Kithimani, na redio nyingine iliyovunjika mkono.

Taya la Kavutha liliunga vibaya. Ngoma ilipata ngui mwingine, msichana mwenye sauti nyembamba, na Kavutha hakwenda kumsikiliza. Lakini mapatano ni mapatano. Alimwita Jamal, akakaa mbele ya redio siku sita mfululizo, akatoa nyimbo zote arobaini na moja kwa mdomo uliopinda, maneno yakitoka na mate, bila sauti ya kuimba, na hakuruka hata ubeti mmoja.

Jamal alizitoa kaseti tano za kujaribu soko. Ziliuzwa mbili, na mnunuzi mmoja aliirudisha yake.