Goti la Fortunat

Anouar wa Nyakabiga ni kine. Ndivyo mji wa Bujumbura unavyowaita watu wa kurudishia viungo nguvu baada ya kuumia. Chumba chake kiko nyuma ya duka la mkewe, Amira, na wengi wanaoingia humo ni wachezaji. Huwawekea taulo lililoviringishwa chini ya goti na kuwaambia walikandamize mpaka paja litetemeke. Baadaye huwafunga kifuko cha mchanga kifundoni, kisha huwapandisha na kuwashusha kidaraja kimoja cha mbao, mguu mmoja tu, polepole. Ni mtu mpole. Ila wagonjwa wake wamekwisha kugundua jambo moja: siku ya kipimo cha mwisho, mtu anaporuka kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu uleule, Anouar hugeukia ukutani. Hutazama alama ya chaki sakafuni baada ya mguu kutua.

Anaogopa mlio.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa akitibu timu moja ya mpira wa miguu ya mtaani. Mshambuliaji wao, Fortunat, alichanika kano la ndani ya goti. Wenzake walichanga, akapelekwa Kigali kupasuliwa. Aliporudi, Anouar alimfanyisha mazoezi kila asubuhi kwa miezi mitano. Kipimo kilipofika, mguu mzima uliruka mita moja na sentimita sitini. Ule ulioumia uliruka mita moja na kumi. Anouar alijua maana yake: bado miezi mitatu, pengine minne. Lakini fainali ilikuwa Jumapili, na viongozi wa timu walikuwa wamesimama mlangoni wakingoja jibu. Akawaambia yuko sawa.

Dakika ya ishirini Fortunat aliruka kupiga kichwa, hapakuwa na mtu karibu naye. Alipotua, Anouar aliyekuwa kwenye benchi alisikia goti likikatika, mlio mkavu kama wa ukuni. Safari hii hapakuwa na mchango wa Kigali.

Tangu hapo mlio ule haukumwacha. Amira akivunja kuni, Anouar hushtuka na kushika goti lake mwenyewe. Aliacha kwenda uwanjani. Aliposikia kwamba Fortunat anatengeneza vyerehani sokoni Jabe, aliacha hata kupita Jabe, akawa anazunguka mbali kufika mjini. Mara mbili alidhani amemwona akichechemea mbele yake barabarani, akarudi nyumbani bila kufanya alichokuwa amekwenda kufanya. Kumbe wote wawili walikuwa watu wengine.

Mwaka jana alikuja Benite, binti aliyekimbilia Bujumbura kutoka Uvira, mchezaji wa basketi. Goti lilelile, kano lilelile. Alifanya kazi kwa bidii, na mwezi wa saba wa mazoezi aliruka vizuri, lakini mguu mzima uliuzidi ule ulioumia kwa sentimita ishirini na tano. Timu yake ilikuwa na mechi kubwa wiki ile. Akamsihi.

"Papa Anouar, andika tu niko muzima. Hakuna mutu atajua."

"Mi nitajua," alisema Anouar. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa Amira, akamsimulia habari ya Fortunat, sentimita kwa sentimita.

Benite alisikiliza huku akifunga kiatu. Hakubisha tena kuhusu mechi. Aliuliza jambo moja tu.

"Na yeye anajua kama ulijua?"

"Apana."

Benite alichukua mfuko wake akaondoka. Anouar hakumwita mgonjwa aliyefuata.

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda Jabe kwa miguu. Fortunat alikuwa dukani mwake, ameinamia cherehani, mguu wa kushoto umenyooshwa pembeni, paja limekonda ndani ya suruali. Alimtambua mara moja, akampa kiti, akauliza habari za Amira. Ukarimu ule ulimuumiza Anouar zaidi. Alisema bila kuzunguka: kipimo kilikuwa kibaya, alikiona, na bado aliwaambia viongozi yuko sawa.

Fortunat aliweka bisibisi chini.

"Mi nilisema ni mimi," alisema. "Nilisema sikufanya mazoezi vizuri. Mama alinigombeza mpaka amekufa: ungemsikiliza kine, ungekuwa unacheza. Na mi nilimujibu ndiyo, mama."

Anouar alianza kuomba msamaha. Fortunat akamwambia, kwa sauti ya chini, atoke dukani.

Zikapita wiki tatu. Anouar alishindwa kula. Amira alipomuuliza, alimweleza yote, naye hakumfariji. Kisha Jumanne moja Fortunat alisimama mlangoni mwa chumba, ameshika fremu ya mlango. Alisema hakuja kwa ajili ya maneno. Alikuwa ameanguka ngazini na cherehani cha mteja, na hataki kuanguka tena.

Anouar alimpima paja kwa utepe. La kushoto lilikuwa jembamba kwa sentimita tano. Akaviringisha taulo.

Sasa huja kila Jumanne. Kano halitarudi, wote wawili wanalijua hilo, lakini paja limejaa kiasi cha kulishikilia goti. Huhesabu mazoezi yake mwenyewe kwa sauti, kwa Kirundi, ili Anouar asihesabu. Benite, aliyerudi uwanjani mwezi wa kumi wa mazoezi, aliwahi kuwakuta humo akawasalimu wote wawili. Ni Fortunat aliyemjibu.

Mwezi huu ameweza kushuka ngazi za soko la Jabe akiwa na cherehani begani, bila kushika ukuta. Anouar alimsindikiza, hatua mbili nyuma, kwa sababu Fortunat hakumkataza.