Kigoda Hapumzishwi

Siku ya kwanza zilikuwa kucha.

Nilirudi jioni kutoka karakana, nikafungua kufuli, nikaingia, nikakuta mbwa wangu amekatwa kucha.

Hazikuvunjika, zimekatwa. Zote, safi kabisa, na nywele za katikati ya vidole zimepunguzwa kwa mkasi.

Naishi peke yangu, wadau. Mlango niliukuta kama nilivyouacha. Na mbwa huyu haguswi mguu na mtu asiyemjua.

Siku ya pili nikakuta bakuli lake la maji limepandishwa juu ya tofali.

Siku ya tatu ndiyo ilinimaliza. Vipande vya zulia kuukuu vilikuwa vimepangwa sakafuni, kimoja baada ya kingine, kutoka pale anapolala mpaka mlangoni.

Nikasimama kizingitini na begi langu la spana.

Kuna mtu alikuwa anaingia kwangu mchana. Na alikuwa anamtengenezea mbwa wangu njia ya kutokea.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkaniona chizi.

Mtaani wananiita Kipaza, na mnaweza kukisia kwa nini. Shule niliishia njiani. Sheria za kazi nimejifundisha mwenyewe, kwa karatasi za kuokota na kwa kuuliza mpaka watu wakanikimbia. Lakini nina ugonjwa mmoja: sisahau.

Nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha vigae, upande wa mkanda. Mkanda unatoa vigae kwenye tanuri unavipeleka kwenye kufungashwa, na pale unapojikunja kwenye rola kuna mdomo. Mdomo ule unatakiwa kufunikwa na kinga ya bati. Jumatatu moja mnyapara aliifungua kinga ili kazi iende haraka. Spana namba kumi na tisa. Nilikuwepo. Akasema atairudisha mchana.

Sikuambii mchana upi, maana haujafika mpaka leo.

Tulilalamika. Tukajibiwa kwamba tunapenda maneno.

Kigoda alikuwa mbwa wa mlinzi wa getini, enzi hizo ana miguu minne na jina lingine. Siku hiyo alikimbiza paka, akapita chini ya mkanda. Mdomo ukamchukua mguu wa mbele wa kushoto, mpaka begani.

Ile sauti siielezei hapa. Aliyekuwepo anaijua.

"Kammalizieni nje huko," mnyapara akasema, "mnachafua vigae."

Nikavua ovaroli, nikamviringisha mbwa, nikaondoka naye. Akapona. Miguu mitatu, kama kigoda. Jina likakaa.

Wiki ile ile tukapigilia ubao ukutani: LEO MBWA, KESHO NANI? Tulisaini watu kumi na mmoja. Ijumaa watu kumi na mmoja wakapewa barua. Mstari mmoja tu.

"Unaarifiwa kwamba umepumzishwa kuanzia leo."

Umepumzishwa! Hawakuandika umefukuzwa. Kama vile tulikwenda kuwaomba kitanda.

Tangu siku ile neno hilo kwetu ni tusi. Simu ikizima chaji, tunasema imepumzishwa. Kuku akichinjwa, kapumzishwa. Mwenzetu mmoja wa kwenye ile orodha alikufa mwaka uliofuata, na pale kaburini mtu asiyejua akasema, "Mzee amepumzishwa." Tukaangaliana. Hakuna aliyecheka.

Barua zile zilichapwa na karani wa ofisi.

Karani mwenyewe ni dada yangu. Tumbo moja. Nyumba ninayoishi mimi ni ya marehemu mama yetu.

Yeye aliendelea na kazi. Mimi nikaendelea na kinyongo. Miaka minne na miezi miwili sikumpa hata salamu, na tukikutana njiani navuka upande wa pili.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana ninakochomelea vyuma sasa, nilikuwa napita getini pale wakati zamu zinabadilishana. Mimi na bango, Kigoda pembeni. Tunasimama mpaka gari la bosi liingie, nakirudisha Kigoda changu nyumbani, naenda kutafuta riziki.

Ndugu zangu, yule mbwa alikuwa staa. Wafanyakazi wakitoka zamu wanamletea mabaki: ngozi, mafuta, mikate. "Mpe mheshimiwa ale, anatuwakilisha!" Akanenepa mpaka shingo ikapotea. Sisi tunacheka, tunasema huyu ndiye pekee aliyenufaika na harakati.

Nyumbani nimetandaza vigae mwenyewe, vile vya kukataliwa kiwandani, vinang'aa kama kioo. Akikimbia kunipokea anateleza, kifua chini.

"Cheza, Kigoda, cheza!" Nilikuwa namwambia hivyo. Nacheka kabisa.

Kisha akaanza kusimama njiani.

Kwanza mara moja, karibu na kinyozi. Halafu mara mbili. Akawa anaulamba ule mguu wa mbele uliobaki, pale kwenye kifundo, analamba mpaka nywele zikaisha. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwembamba asiye na maneno mengi.

Akamshika bega, akamkunja kiwiko, akafika kwenye kifundo. Kigoda akalia.

"Huyu ajali aliipata wapi?" akaniuliza.

"Kiwanda cha vigae."

Akakiachia kifundo. Halafu akasema, bila hata kuniangalia:

"Baba, huyu lazima apumzishwe. Na usichelewe."

Neno lile lile la barua.

Nikamnyanyua Kigoda mezani, kilo zake zote zile, nikatoka. Daktari aliita kitu nyuma yangu, sikukisikia. Mlango nilikuwa nimeshaubamiza.

Njia nzima naongea peke yangu. Wamemfikia mpaka daktari! Maana kama kuna shahidi wa ule mkanda anayetembea, ni huyu. Unakitaja kiwanda, dakika hiyo hiyo mtu anatamka neno lao.

Basi nikapanga langu.

Kule kiwandani, aliyekutwa amekaa ndiye aliyeandikwa wa kwanza kwenye orodha ya kupumzishwa. Hiyo tuliijua wote. Ukiumwa mgongo, umia umesimama. Kwa hiyo nikaapa: hakuna mtu atakayemwona Kigoda amekaa chini.

Nikamwongezea safari. Badala ya njia ya mkato, tukapita barabara kubwa ya lami, watu wamwone yuko fiti. Akijilaza, namnyanyua kwa mkanda wa kifuani.

"Amka, Kigoda. Wanatuangalia."

Ananitazama. Halafu anaamka.

Angegoma hata siku moja ningemwelewa. Hakugoma.

Tulikwenda hivyo mwezi mzima. Ndipo kucha zikakatwa.

Siku ya nne sikwenda karakana. Nilimrudisha Kigoda kutoka getini, nikafunga mlango kwa kelele, kufuli na mnyororo, majirani wote wasikie. Nikazunguka, nikaingia kwa dirisha la nyuma, nikajificha chumbani nimeshika bomba la chuma.

Nikasubiri. Saa nne. Saa tano. Kigoda ananusa chini ya mlango wa chumba, anajua nipo, ananishangaa.

Saa saba king'ora cha kiwanda kikalia, mapumziko ya mchana.

Dakika kumi baadaye nikasikia ufunguo.

Siyo kuvunja. Ufunguo, unaoingia kwenye kufuli kama uko kwao.

Mbwa wangu hakubweka. Nilisikia mkia wake unapiga sakafu, pa, pa, pa. Msaliti!

Nyayo za watu wawili. Sauti ya mwanamke, chini chini: "Lete mguu. Lete, mwanangu. Hivyo."

Halafu sauti ya pili, na hiyo niliifahamu mara moja. "Mshike kichwa. Nikiingiza sindano atashtuka."

Nililipuka kutoka mle chumbani kama gesi.

"Weka sindano chini! Weka chini nisije nikafungwa leo!"

Daktari wa mifugo alikuwa amepiga magoti, bomba la sindano mkononi. Aliyemkumbatia Kigoda kichwa, amevaa sketi ya ofisini, goti limekaa juu ya zulia kuukuu, alikuwa dada yangu.

Hakushtuka hata kidogo. Alinitazama vile alivyokuwa ananitazama nikiwa mdogo, nikivunja sahani.

"Punguza sauti, Kipaza. Unamtisha."

"Mmekuja kumuua kwenye nyumba ya mama!"

"Kumuua?" Daktari akaniangalia, akaliangalia bomba langu. "Nani kakwambia?"

"Wewe! Ulisema apumzishwe! Kwa mdomo wako!"

"Ndiyo, apumzishwe! Alale! Asitembezwe wiki sita! Hii ni dawa ya maumivu, baba. Wewe ulifikiri nini?"

Kigoda anahema tu.

Dada ndiye aliyejibu, kwa niaba yangu.

"Daktari, huku kwetu neno hilo lina maana yake. Nilisahau kukwambia." Akamvuta Kigoda karibu. "Mimi ndiye niliyelichapa. Mara kumi na moja."

Bomba likanitoka mkononi.

Kumbe daktari, mwezi ulipoisha bila mimi kurudi kwake, alikwenda kiwandani kuulizia mwenye mbwa wa miguu mitatu. Wakamwelekeza ofisini. Alipomweleza karani alichoniambia, karani aliomba arudie lile neno. Kisha akachukua ufunguo wake wa zamani wa nyumba ya mama. Kigoda alimjua tangu enzi za getini.

"Ungeniambia tu," nikasema.

"Nikuambie wapi? Ukiniona unavuka barabara." Akaanza kumkanda Kigoda bega, polepole, kwa kitambaa cha maji ya moto. "Mimi namwona kila asubuhi kwenye dirisha la ofisi. Mwanzo alikuwa anafika getini bila kusimama. Wiki hii amesimama mara nne, na mara zote nne umemvuta."

Daktari akanishika mkono, akauweka kwenye kifundo cha Kigoda. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Kimevimba.

"Mbwa anabeba mwili wake zaidi kwa mbele," akasema. "Huyu mbele amebaki na mguu mmoja. Ukimlisha mafuta, unaubebesha huo huo. Akiteleza hapa kwenye vigae, unateguka huo huo. Lami, ngazi, kusimama saa nzima, ni huo huo."

"Atapona?"

"Sijui. Maungio yameshaanza kulika. Kifundo hiki kikilegea kabisa, baba, hapo nitakuja na lile neno kwa maana yako."

Nilikaa chini. Kwenye vigae vyangu mwenyewe.

Mkanda ulichukua mguu wa kwanza kwa sekunde moja. Mimi nilikuwa nauchukua wa pili taratibu, mwezi mzima, huku napigiwa makofi.

Wiki sita zile zilikuwa za roho juu. Kila asubuhi nikiamka, kabla sijanawa uso, napapasa kifundo. Jana kilikuwa cha moto, leo je? Chakula kwa kikombe, hakuna mabaki, na waliozoea kumlisha nikawapigia kelele mpaka wakaninunia. Zulia nyumba nzima, limegandishwa lisisogee. Ngazi za mlangoni nimezifunika ubao wa mteremko, nimeupigilia vipande vya tairi ashike. Anatoka nje hatua ishirini, haja yake, anarudi. Baadaye hatua arobaini. Dada anakuja saa saba, anamkanda bega na mgongo, maana huko nako kunabeba.

Getini nilisimama peke yangu. Watu wanauliza, "Mheshimiwa yuko wapi?"

"Anapumzika," nikawa nasema. Mara ya kwanza nililitamka nikiangalia chini.

Kifundo kimepoa. Hakijanyooka, na daktari amesema hakitanyooka. Barabara kubwa Kigoda hataiona tena kwa miguu yake, na baridi ikiingia analia kidogo akiamka. Mimi ndiye nimemfanyia hivyo, si mnyapara. Hilo nalo limeingia kwenye mambo nisiyosahau.

Sasa sikilizeni la mwisho.

Mwezi uliopita wafanyakazi saba wapya walilalamika kuhusu ule mdomo usio na kinga. Dada akaletewa majina saba na karatasi. "Chapa kama zile za zamani."

Akachapa. Ila mahali pa lile neno, aliandika hivi: "Unaarifiwa kwamba umefukuzwa kazi kwa sababu ulilalamika kuwa mkanda hauna kinga."

Akazipeleka mezani kwa bosi.

Bosi akasaini zote saba. Hasomi anachosaini yule. Miaka yote ile alikuwa hasomi, na aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu, yule niliyekuwa namvukia barabara.

Barua saba zenye saini na muhuri ziko kwa wakili tangu Jumanne. Dada naye barua yake ilitoka Jumatano, ameandika bosi mwenyewe kwa mkono, na makosa matatu ya herufi. Nadhani neno alilotumia mnalijua.

Kwa hiyo, wewe unayenisoma: mtu akikutamkia neno lililokuumiza zamani, usibamize mlango kwanza. Muulize, "Una maana gani?" Ni swali la pumzi moja. Mimi sikuliuliza, na kiumbe asiyejua kusema akatembea mwezi mzima juu ya kidonda kwa sababu yangu.

Na wewe bosi, najua kuna atakayekusomea hapa: nasi tumeanza kusoma.

Dada amelala kwenye mkeka, miguu juu ya mto. Kigoda ameegemeza kichwa kwenye kifundo chake. Wote wawili wamepumzishwa.

Dirisha liko wazi. Mkanda unasikika mpaka hapa, bado unazunguka, na kinga haijarudi.