Kopi ya Pompe na Maharagi ya Mbegu

Tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja. Tangu asubuhi ukungu umelala juu ya milima ya Nyabiondo, na mvua inashuka ndani yake bila sauti, kama mutu anayepita ndani ya nyumba yenye mugonjwa. Siku kama hii siwezi kwenda shamba. Nakaa mulangoni nasikiliza bunduki ambazo hazipo tena.

Juzi jirani yangu Muhindo, mwenye shamba kubwa kule chini, aliniuliza: "Papa Hangi, weye ulichunga bunduki za kuwinda maisha yako yote. Hizi pompe za bei rahisi, kopi zinazotoka ngambo, inafaa mutu anunue?" Mimi nilisoma kidogo tu, na mutu wa kusoma kidogo anaogopa kusema ndiyo, anaogopa kusema hapana. Nikamwambia nitaandika. Basi naandika, na wengine wanaotaka kazi hii wasome pia, kama nitafika mwisho.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya ukungu vilevile. Ilikuwa Kirolirwe, kwenye ferme ya ng'ombe. Jeran, njo musimamizi wa ferme, alinipeleka ndani ya chumba kidogo nyuma ya pale maziwa yanageuzwa jibini. Harufu ya maziwa na harufu ya mafuta ya bunduki zilikuwa kitu kimoja. Mpaka leo nikila jibini nakumbuka chuma.

Ukutani kulikuwa pompe ya zamani, ya kweli, mubao wake umekuwa mweusi kwa mikono ya watu. Pompe ni bunduki ambayo unavuta ule mubao wa chini ya bomba nyuma, kisha unausukuma mbele: ganda lililopigwa linaruka inje, kartushi mupya inaingia. Kartushi njo ile risasi nene ya kuwinda, ganda lake la karatasi ngumu. Sauti ya kuvuta na kusukuma ni kra-kra. Jeran alisema chui wa Masisi akiisikia anakumbuka kwamba iko na kazi ngambo ingine ya mulima.

"Weye hautapiga," aliniambia. "Wa kupiga wapo. Weye utasikiliza."

"Nisikilize nini, Patron?"

"Hii. Ivute kila asubuhi. Siku itabadilisha sauti, uniite kabla haijatuletea matata."

Nilidhani ananichezea. Lakini nilivuta kila asubuhi, na kidogo kidogo ile sauti iliingia ndani ya usingizi wangu. Kapita, mukubwa wa wafanyakazi, njo alinifundisha ile ingine, desturi ya wawindaji wa huku: mwenye kuleta bunduki kuuza anaipiga yeye wa kwanza, shavu lake mwenyewe juu ya kitako. "Akikataa," Kapita alisema, "arudi nayo kwake, na tumupe maziwa ya njia."

Kisha vita ikaja, na ng'ombe wakaenda. Sisemi nani aliwachukua. Kila upande utasema ni upande mwingine, na mimi nilisikia kwato tu ndani ya ukungu, muda murefu, kama mvua inayotembea. Jeran alinipa ile pompe pamoja na permi, karatasi yake ya ruhusa, akasema: "Peleka kwa Agronome wa Nyabiondo, ilinde mashamba. Huku haina tena cha kulinda." Niliibeba ndani ya mufuko wa mihogo, kwa njia za miguu, maana siku zile bunduki iliyoonekana iliita wenye bunduki wengine.

Agronome, mukubwa wa mambo ya kilimo, alikuwa mutu wa maneno machache. Aliiangalia pompe, akaniangalia mimi, akasema: "Nyinyi wawili muende Buleusa. Kule nguruwe pori na nyani njo wanavuna." Hivyo nikaingia misitu ya Walikale. Nakumbuka miti mikubwa iliyofunga mbingu, na mwanga wa kijani mpaka ndani ya sahani. Mutu angeweza kutembea asubuhi nzima na kudhani amesimama.

Buleusa nilifanya kazi chini ya Shefu wa kijiji. Mupiga bunduki alikuwa Balume, mume wa dada yangu, mutu wa mzaha na mwenye shabaha. Lakini pompe ilikuwa imezeeka. Resori, ule waya wa kujikunja unaosukuma kartushi, ilichoka. Mara ingine kartushi ya pili ilibaki tumboni, na nguruwe akasimama anamwangalia Balume kama mutu anayengojea chenji. Mashamba ya mihogo yalichimbwa usiku na mchana. Njia ya Goma ilifungwa na vita, resori mupya hatukuweza kupata.

Njo wakati ule Papa Kambale alifika. Alikuwa muchuruzi wa kutoka Butembo, Mukatoliki wa rozari shingoni, aliyetuletea chumvi na sabuni wakati wengine wote waliacha ile njia. Safari hii alileta pompe mupya, kopi, na kartushi tatu ndani ya kopo. Alitaka maharagi ya mbegu. Siyo kidogo: mbegu yote ya kijiji, ile tuliyoiweka pamoja ndani ya nyumba ya Shefu ili kila nyumba ipande mvua zikianza.

Shefu aliniita mbele ya watu. "Papa Hangi, weye njo utasema. Tukitoa mbegu na hii kitu ikawa mubaya, hatutakuwa na bunduki na hatutakuwa na cha kupanda. Tukiiacha, nguruwe watakula tutakachopanda. Neno lako njo tutafuata."

Kwa nini mimi? Mimi nilikuwa mwenye kusikiliza tu.

Kambale aliifungua kutoka ndani ya kitenge. "Angalieni! Ile nzee yenu njo mama, hii njo mutoto wake."

"Mutoto," Balume akasema, "lakini baba hajulikani."

Watu walicheka. Niliichukua. Mubao ulikuwa mwepesi, umepakwa rangi ili ufanane na ule wa zamani. Pale kartushi inaingilia chuma kilikuwa na ncha kali, kikanikata dole gumba. Lakini bomba ndani lilikuwa safi na limenyooka. Nilijiona natafuta ubaya kwa sababu nilipenda ile ingine, nikajikataza. Nilivuta. Kra-kra. Sauti ilikuwa kavu zaidi, ya mutu asiyekujua, lakini haikuwa ya uongo.

"Papa Kambale," Shefu akasema, "desturi unaijua."

Kambale alishika rozari. "Shefu, mimi nauza chumvi. Sijapiga hata panya."

"Panya wa Butembo wana bahati," Balume akajibu.

Mama Riziki, muke wa Shefu, mwenye funguo ya ile mbegu, alikunja mikono. "Anakataa. Basi iko kitu anajua."

"Hapana, Mama," nikasema. "Uoga ni wake. Bunduki yenyewe haijasema kitu."

Kambale alinitazama kama mutu aliyepewa maji. Akafanya alama ya musalaba, akaweka shavu juu ya kitako, akafunga macho yote mawili, akapiga kwenye shina la mugomba. Tulimuona anakaa ndani ya matope. Moshi ulipoenda, alikuwa anacheka: "Iko muzuri! Bega langu njo bovu!" Balume akapiga ya pili, mugomba ukalala. Watu walianza kuimba, Shefu akachukua funguo kwa Mama Riziki. Ile saa mbegu yetu ilikuwa imekwenda nusu ya njia.

Kisha Balume akaweka kartushi yetu wenyewe, ili tujue. Alivuta, akasukuma. Haikuingia. Akasukuma tena, ikakwama katikati, bunduki ikabaki kinywa wazi.

"Kopi!" mutu mumoja akalia, na wote wakalipokea lile neno. Kambale alisimama na matope kwenye suruali, anageuka huku na huku. "Jamani, imepiga! Mumeona imepiga!"

Niliitoa ile kartushi pole pole, nikaiweka ndani ya pompe yetu nzee. Iliingia kama mutu anarudi nyumbani. Watu walipiga makofi. Ingefaa niishie pale, na wengi wangefurahi. Lakini mukononi mwa Kambale kulibaki ile ya tatu, ya kopo lake. Nilimuomba, nikaiweka ndani ya kopi. Iliingia bila neno. Makofi yakakoma.

Mama Riziki alichukua kartushi yetu, akaiminya, akaiweka karibu na ile ya Kambale. "Hii yetu imevimba," akasema. "Sawa na mukate ndani ya chai."

"Haiwezi," Shefu akasema. "Tunaziweka juu ya moto, kwenye uchaga, zikauke. Kila nyumba inafanya vile."

Alisema kweli, kila nyumba ilifanya vile. Mahali ambapo mvua haikomi, juu ya moto njo mahali pa kukausha mahindi, nyama, hata viatu. Mama Riziki alizigeuza zile kartushi mbili mukononi. Kisha akasema pole pole, kama anajiambia mwenyewe: "Mimi napika maharagi tangu asubuhi mpaka jua linashuka. Ile mvuke yote inapanda pale."

Hakuna aliyecheka, hata Balume. Kila mutu alikuwa anaona uchaga wa kwake.

Kambale akanigeukia. "Papa Hangi, sema mbele yao wote. Bunduki yangu iko na kosa?"

"Haina kosa."

"Basi tununue," Shefu akasema.

"Hapana, Shefu."

Sauti yangu ilitoka ndogo, wakaniambia nirudilie. Nikasema ile nzee imepanuka kwa miaka, inameza hata kilichovimba. Hii mupya inataka kartushi kavu, na kartushi kavu ziko Goma, na Goma hakuna njia. Hizi zilizovimba njo tuko nazo. Tukinunua, tutakuwa na bunduki nzuri isiyokula chakula chetu, na mbegu itakuwa Butembo. Njia ingekuwa wazi, ningesema tuichukue. Lakini njia haikuwa wazi.

Shefu akamurudishia Mama Riziki funguo yake, na hapo tulijua mbegu imebaki.

"Umeniua, Papa," Kambale akaniambia. "Nitapita nayo vipi kwenye vizuizi mara ya pili?" Nilikaa na tupa, nikasugua ile ncha kali mpaka ikawa laini, isije ikamukata mununuzi mwingine. Ilikuwa kazi ndogo, lakini hakuna ingine niliyoweza kumufanyia. Mama Riziki alimufungia bugali ya njia, naye akamuachia chumvi. Waliagana vizuri kuliko mimi na yeye.

Tulipanda. Wanawake walilinda kwa zamu wakipiga makopo, Balume na ile nzee, mimi nikinyoosha resori yake kila asubuhi. Upande wa mutoni nguruwe walikula wote. Upande wa juu ulibaki. Je, na kopi tungeokoa pande zote mbili? Nimejiuliza mara nyingi. Dada yangu anasema nilifanya vizuri. Lakini ni dada yangu.

Mikono yangu ilipozeeka, Agronome alikuja Buleusa, akanikuta naangusha misumari midogo ya pompe. "Papa Hangi," akasema, "sasa usikilize mvua." Njo namna nilivyopumzishwa. Mama Riziki alinipa kopo la mbegu, nikaja nalo hapa Nyabiondo.

Baada ya miaka, amani kidogo iliporudi, nilipita Kirolirwe. Mulinzi wa ng'ombe alikuwa amebeba pompe. Nilimuomba niishike, nikapitisha dole pale kartushi inaingilia: laini, na alama ya tupa yangu. Kambale alivuka vizuizi kumbe. Mulinzi aliniambia mubao ulipasuka wakabadilisha, lakini inapiga bila shida. Kartushi anaziweka ndani ya kopo la maziwa lililofungwa, mbali na jiko. Nilivuta. Kra-kra. Haikuwa tena sauti ya mutu asiyenijua, nilisimama pale ndani ya majani nikiisikiliza mpaka mulinzi akaniuliza kama niko mugonjwa.

Basi Muhindo, jibu langu njo hili, kama linakufaa. Permi kwanza. Muuzaji aipige wa kwanza. Angalia bomba ndani, siyo rangi ya mubao, mubao utabadilisha. Kisha uende nyumbani, uangalie pale utaweka kartushi. Kama pale ni pakavu, nunua kopi, usione haya. Kama si pakavu, hata ile ya kweli, ikiwa mupya, itakukatalia. Na usilipe na kile utakachopanda. Hili la mwisho sina hakika kama ni la kazi yangu kulisema.

Mvua imekoma sasa, ukungu umebaki. Jioni hii tumekula bugali ya mihogo na maharagi, yale ya kopo la Mama Riziki, yaliyopandwa na kupandwa tena mpaka sahani hii. Yamepikwa tangu asubuhi, na mvuke yake imepanda mpaka kwenye uchaga, mahali ambapo hatuweki kitu tena.