Nilimfanya Zakaria wa Kanisani Kwetu Anyamaze

Nimekosa, na kosa langu nililifanya mbele ya akina mama zaidi ya mia moja, wote wakapiga makofi. Ndiyo maana nilichelewa kujua kuwa ni kosa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Kipaji changu ni kimoja tu, kuchukua habari za Biblia na kuzisimulia upya mpaka watu wacheke. Mwaka juzi, kwenye siku ya akina mama kanisani, niliandika Martha anavyogombana na jiko la mkaa huku Mariamu amekaa sebuleni na wageni. Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Kuanzia hapo wakawa wananidai hadithi. Na mimi nilipenda sana kuchekewa, acha niseme ukweli.

Sasa pale kanisani tuna mzee mmoja, nitamwita Mzee Mgoli, si jina lake. Ni bwana shamba mstaafu, alifanya kazi miaka mingi kule Busi, wilaya ya Kondoa. Yeye ndiye alikuwa anasoma matangazo ya Jumapili. Tangazo la mbuzi aliyepotea lilianzia kwa mbuzi, likapita kwenye ukame, likafika Busi, likakaa huko. Kila alipotaka kuongea sana alivua miwani na kusema, "Kwa ufupi tu." Ukisikia hivyo ujue chakula cha mchana kitapoa.

Ilipokaribia siku ya akina mama mwaka jana nikaandika habari ya Zakaria, yule kuhani aliyefungwa ulimi. Kwenye hadithi yangu malaika anamwambia atapata mtoto. Badala ya kushukuru, Zakaria anavua miwani. "Kwa ufupi tu, malaika, jambo lako linanikumbusha nilipokuwa Busi." Malaika anasimama mguu huu, anasimama mguu ule, jua linazama. Mwishowe anamfunga ulimi ili apate kurudi mbinguni.

Basi Elizabeti anaishi miezi tisa ya raha. Majirani wanapanga foleni mlangoni kwake kuuliza malaika yule anapatikana wapi, maana nao wana waume. Mtoto anapozaliwa wanamsihi asimpe jina kwanza, akae hata mwezi mmoja hivyo hivyo bila jina, baba yake asije akafunguka ulimi siku ya kumpa jina.

Ukumbi ulilipuka. Nikiwa nasoma nikamwona Mzee Mgoli mwenyewe, amealikwa kama mzee wa kanisa, anacheka na kufuta macho. Mke wake, Mama Neema, alikuwa kiti cha mbele kabisa kwa sababu macho yake yana ukungu siku hizi. Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. Baadaye nilimwona ameacha, amegeuza uso upande wa mume wake. Niliona, na nikaendelea kusoma.

Mwisho mwenyekiti akamwomba mzee afunge kwa maneno machache. Akasimama, akatuangalia kidogo.

"Asanteni. Tule."

Makofi yakawa makubwa kuliko yangu. Pilau ililiwa ikiwa ya moto, na mimi nikajiona nimelikomboa kanisa.

Jumapili iliyofuata matangazo yalichukua dakika tatu. Iliyofuata hivyo hivyo. Jumapili ya tatu alisimama kijana mmoja kuyasoma, tukaambiwa mzee ameomba kupumzika. Watu wakawahi makwao, na wengine wakanikonyeza.

Kama mwezi hivi ukapita. Siku moja narudi kutoka shule nikamkuta Mama Neema ameketi barazani kwangu, fimbo mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Mume wangu haongei."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anakula, anaoga, anafungia kuku bandani. Nikimuuliza anajibu ndiyo au hapana. Jana nimemwambia mchicha wote umeliwa na wadudu, akasema pole." Akanigeukia. "Bwana shamba yule, aambiwe habari ya wadudu, aseme pole?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mama, mbona mwenyewe ulikuwa unalalamika kwamba anaongea sana?"

"Nimelalamika miaka arobaini na moja. Sikusema mje mmchukue. Macho yangu unayajua. Nilikuwa najua yuko chumba gani kwa sauti yake. Sasa natembea na kupapasa, nakutana naye ghafla kama mwizi." Akaishika fimbo yake. "Uliandika Elizabeti anafurahi. Ulimuuliza nani?"

Nilimsindikiza mpaka kwake kumwomba mzee radhi.

Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikasema niliyokuwa nayo yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi ilikuwa nzuri," akasema. "Nilicheka kweli. Ila niliposimama kufunga, niliona watu wanavyojiweka sawa kwenye viti, kama wanaojiandaa na safari. Sikuwahi kuliona hilo. Miaka yote nilidhani wananisikiliza."

Miwani hakuivua. Jamani, nilitamani anifokee.

Nikaanza kwenda kwake kila Jumamosi na maswali ya kilimo, nikimtegea aongee. Nyanya zangu zinasinyaa. "Punguza maji." Bamia hazizai. "Subiri." Yule mtu wa kumaliza ibada kwa habari ya mbuzi mmoja alinijibu neno moja moja, wiki tatu mfululizo.

Wiki ya nne nilibeba jani la mzabibu ulioko uani kwangu, limetapakaa weupe kama unga wa ugali. Hapo sikuwa natega, mzabibu ulikuwa unakufa kweli. Akalipokea, akaligeuza, akasogea mwangani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Huu ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Umeukata matawi lini? Nani alikukatia? Kule Busi palikuwa na padri mmoja alikuwa na mzabibu..."

Aliongea mpaka adhana ya adhuhuri, akaendelea mpaka ya alasiri. Mama Neema alitoka jikoni, akaja kukaa mkekani karibu na sauti, mikono ina unga. Miguu yangu ilikufa ganzi, sikuthubutu kuikunjua.

Sasa nyumbani kwake anaongea. Kanisani, hapana. Nimemwomba, mchungaji amemwomba, anatabasamu tu na kusema vijana wanasoma vizuri. Niliwaambia akina mama kwamba tumemwumiza, wakanijibu, "Si tulikuwa tunatania tu?" Mwaka huu wameniomba hadithi ya Yona. Nimekataa, na wapo wanaosema ninaringa.

Wewe unayependa kuchekesha watu kwa manabii na mitume, endelea, hata mimi sidhani Mungu ananuna. Ila usimvalishe nabii sura ya jirani yako. Ukiona lazima umwandike, nenda kwanza ukakae kwake siku nzima, umsikilize mpaka uchoke, umsikilize na mkewe. Mimi niliruka hatua hiyo. Wenzangu waliisahau hadithi kabla sahani hazijaoshwa, lakini yeye aliondoka nayo hadi nyumbani, kwa mwanamke ambaye sikumfikiria hata kidogo nilipokuwa naandika.