Jina la Mwakombo Halikuwemo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka damu hunichemka mpaka leo, na mzee wa umri wangu hapaswi kuchemka. Juzi ulikuwa kibarazani na wenzako, kila mmoja anachagua wachezaji wake kumi na mmoja wa mpira kutoka dunia nzima, mnabishana, mnacheka. Ukanigeukia: "Babu, na wako ni nani?" Nikanyamaza, ukadhani sikusikia. Nilisikia. Jibu nimeliandika hapa, maana kwa mdomo ningelikatiza njiani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, hapa hapa Bofu, Likoni, Uhuru bado haujafika lakini harufu yake ishaanza kusikika. Mchezo wenu huo nasi tulikuwa nao. Mzee Bakari, muuza kahawa, alikuwa na ukuta uliopakwa chokaa, na baada ya alasiri mtu huchukua kipande cha mkaa akaandika timu yake kutoka kwa wachezaji wote wa Likoni. Asiyejua kuandika alinitajia mimi nikamwandikia. Nilisoma darasa nne tu, ila hati yangu ilisifiwa, na kwa sababu ya hati hiyo wenye harusi waliniita kuandika majina ya waalikwa.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa hiyo tulia unisikilize. Mwaliko wa harusi kwetu una kanuni yake: nyumba hairukwi. Ukimwalika huyu ukamwacha wa ukuta wa pili, utaambiwa hata siku ya maziko yako. Basi ilipofika zamu yangu ya kuchagua timu yangu mwenyewe, nilichagua kama ninavyoalika. Nyumba ya masharifu nikaipa winga. Nyumba ya wavuvi nikaipa mafulbeki wawili, kwa kuwa ni wengi na hasira zao ziko karibu. Nyumba ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani nikaipa goli, yaani mwanawe Salimu.

Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mwema, na mbio alikuwa nazo. Sitaki kumpunguzia haki yake. Lakini mpira ukimjia alifumba macho. Kila mtu Likoni alijua, na mimi nilikuwa wa kwanza kujua.

Kipa alikuwa Mwakombo. Mduruma kutoka upande wa Kinango, amepanga chumba kimoja nyuma ya kisima na mkewe mwenye mimba, kibarua wa kupakia madafu. Wa chini hurusha, yeye juu ya lori hudaka, huku anapiga soga na dereva wala haangalii vizuri. Sikumwona akiangusha hata moja, ingawa siwezi kuapa kwamba halikuanguka nisipokuwepo. Golini alikuwa vivyo hivyo. Lakini Bofu hakuwa na nyumba. Hakuwa na mjomba wa kununa, wala shangazi wa kunizuia njiani. Nikamwacha. Wala sikutafakari sana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni ile akaja karani mmoja aliyevuka na feri, kampuni yake ilikuwa ng'ambo ya kivuko. Akanywa kahawa, akausoma ukuta, akatoa kidaftari.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Kampuni yetu inataka timu. Atakayeichezea ataajiriwa, kazi ya kudumu, si kibarua. Hawa ndio bora wa Likoni?"

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi wakati ule. Neno moja tu lingetosha. Lakini mjomba wake Salimu alikuwa amekaa pale, kikombe mkononi, ananitazama.

"Ndio hawa."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Karani akanakili majina yote, akaondoka. Watu wakanipiga mabega. "Omari leo katupatia watoto kazi!" Nami, mjinga, nikatabasamu.

Habari za kazi zilifika nyuma ya kisima upesi. Mwakombo akaja na vumbi lake la lori miguuni, lakini amevaa shati safi. Shati lile silisahau. Alilibadilisha kwa ajili ya kuja kusikia jina lake. Kusoma hakujua.

"Mwalimu," akaniambia, ndivyo alivyozoea kunitania, "nisomee. Watu wangu wa nyumbani wataka kujua kama tutakula wali."

Kipa huandikwa wa kwanza, na yeye alijua. Nikasoma: "Salimu." Akatikisa kichwa. Nikasoma wa pili, wa tatu. Akaendelea kusubiri. Nilipofika kwa mawinga akasema taratibu, "Labda umeniweka mbele, eh? Mbio si mbaya mimi." Nikasoma mpaka wa kumi na mmoja. Akacheka kidogo.

"Rudia, Mwalimu. Labda umeniruka."

Nikarudia. Wallahi nilirudia, jina kwa jina, mbele ya watu wote, na hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa mmoja aliyesema, "Nawe una nyumba gani hapa hata uandikwe?" Wakacheka. Mwakombo akaniangalia mimi, si yule. Akasema, "Haya. Ahsante kwa kunisomea." Akaenda zake.

Mzee Bakari hakuwa mtu wa maneno. Aliweka dele lake la kahawa chini, akalowesha kitambaa, akaufuta ukuta wote, kutoka Salimu mpaka wa mwisho.

"Njoo hapa, Omari. Hii ilikuwa timu au karamu?"

"Mzee, ni mchezo tu."

"Mchezo tu, nawe umeuapia? Kwani mpira ukija golini huuliza, 'Hapa kwa nani?' Umealika watu, hukuchagua. Na uliyemnyima umemsomea msiba wake mara mbili. Ukuta wangu usiuguse tena."

Usiku sikulala. Asubuhi nikavuka feri, nikamtafuta karani, nikamwapia kwamba nimekosea, kipa ni mwingine. Akanitazama juu mpaka chini.

"Jana uliapa. Leo waapa tena. Nikuamini wa lini?"

Majina yalikuwa yameshapigwa chapa na kupelekwa kwa mkubwa wake. Huenda nisingeweza kubadilisha lolote hata ningekuwa mkweli tangu mwanzo. Huenda mkubwa angekuwa na mtu wake. Hilo siwezi kulijua. Lakini nimeona watu wengi wakijificha nyuma ya neno "huenda", nami sitaki kuwa mmoja wao.

Salimu alicheza mechi mbili, akatolewa golini, ila kazi alibaki nayo mpaka alipostaafu. Siwezi kumlaumu; hakuomba. Mwakombo alihama kabla mkewe hajajifungua, wakarudi kwao. Niliwahi kwenda Kinango kumwomba radhi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto tayari. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa maji. Nilipoanza kusema akanikata: "Mwalimu, yale yamepita." Kisha akamwita mwanawe wa kiume, kijana mrefu, akamwambia, "Huyu ndiye aliyenisomea." Basi. Hakusema zaidi, na sijui mpaka leo kama aliniheshimu au alinihukumu.

Kwa hiyo kumi na mmoja wangu, wewe uliyeniuliza, namba moja ni Mwakombo. Nimemwandika kila mwaka kwenye daftari langu, lakini timu ya daftarini haimwajiri mtu, mwanangu, na hiyo ndiyo hasira yangu. Nasikia mmeanza kamati ya vijana ya kuchagua timu ya mtaa, na wewe ndiye mwandishi. Nasikia pia watu washaanza kupita majumbani kwa salamu tamu. Nawajua. Ni wajukuu wa wale wale waliokuwa wanashika vikombe.

Nakuusia hivi. Karamu, alika nyumba zote, hata ya adui yako. Timu, kazi, uongozi, chagua mtu, wala usiulize baba yake amelala kaburi lipi. Ukiona unamwacha mtu kwa sababu hana wa kukununia, jua hapo ndipo dhuluma inapoingilia, maana mnyonge hana chake ila haki yake. Usiseme ni mchezo tu. Na usiape kwa ajili ya kikombe cha kahawa cha mtu. Ukishaandika, yasome majina kwa sauti mbele ya yule uliyemwacha. Kama sauti inakukwama, futa, uanze upya, kabla hajaja mwenye kidaftari.

Mungu akupe jicho lisilofumba mpira unapokuja, na mkono usiotetemeka mbele ya wajomba. Na siku ile tutakayosimama sote kusomewa majina, wala hakuna wa kurudia, atujaalie, wewe na Mwakombo na hata mimi, tusikie yetu.